Macho ya Mshika Usukani

Ibada ilikuwa imekwisha, na mchungaji alikuwa amesimama pembeni mwa mlango wa kanisa kama afanyavyo kila Jumapili, akiwapa waumini mkono mmoja mmoja. Byabato alipofika, mchungaji alimnyooshea mkono akasema, "Bwana asifiwe, baharia wetu."

Byabato akapita. Hakuupokea ule mkono wala hakugeuza shingo. "Asifiwe," alijibu akiwa amekwisha kushuka ngazi, akitazama mbele, kama mtu anayeijibu redio. Mkono wa mchungaji ukabaki hewani.

Kemilembe, mkewe, aliyekuwa nyuma yake, aliudaka ule mkono kwa mikono yake miwili na kupiga goti chini kuliko kawaida yake. "Amechoka, mchungaji. Jana ndiyo wameingia kutoka kisiwani Goziba."

"Ziwa linachosha," mchungaji alisema, akacheka kidogo. Lakini wanawake wawili wa kwaya waliosimama karibu walitazamana, na Kemilembe aliwaona walivyotazamana. Aibu ikampanda usoni kama moto wa jiko.

Walishika njia ya kurudi Hamugembe, nyumbani kwao. Alimwangalia mumewe anavyotembea. Byabato alikuwa mtu wa kifua kipana, mwenye hatua za mabaharia, miguu imeachana kidogo kana kwamba hata lami ya Bukoba inayumba. Siku hizo, hata hivyo, alikuwa amezuka na tabia ya kutembea katikati ya njia na kuwaacha watu wengine wamkwepe. Bodaboda mmoja alimpita ubavuni kwa kasi, na Byabato akaruka kama aliyemwagiwa maji, ingawa honi ilikuwa imepigwa tangu mbali.

Si hilo tu. Wiki iliyopita alikuwa amepiga teke beseni la nguo lililokuwa mahali pake pa siku zote. Kabla ya hapo alimgonga mama yake mzazi kwa bega pale mlangoni, bibi wa watu akashikilia ukuta. Kila mara alikuwa na maneno yake: beseni limewekwa njiani, jua limempiga machoni, mawazo ya kazi. Kemilembe aliyakubali maneno hayo kwa sababu kuyakataa kungemlazimu kufikiria jambo lingine.

Walipofika nyumbani alimpisha mama mkwe wake, Ma Hellen, aingie kupumzika, kisha akamshika mumewe mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, ndani ya kibanja, mahali migomba ilipoficha sauti.

"Baba Judica, huoni."

"Naona."

"Mchungaji amekupa mkono ukampita kama nguzo ya umeme."

Byabato alishika jani kavu la mgomba, akalivuta taratibu mpaka likakatika. "Mbele naona," alisema hatimaye. "Nikisimama kwenye usukani naiona Bumbire kama ninavyokuona wewe. Ni huku." Akainua viganja vyake akaviweka kando ya macho, kama farasi aliyefungwa vibao. "Huku pamekufa. Kushoto zaidi."

Alimweleza yote pale pale, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya mtu mwingine. Meli ilipokuwa matengenezoni Mwanza alikwenda kwa daktari wa macho. Daktari akamwambia ni presha ya macho. Imekula pembeni kwa muda mrefu bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Akampa dawa ya matone ya kuzuia kilichobaki kisiliwe. Akamuuliza anafanya kazi gani. Byabato akasema mkulima.

"Mawe, mama yangu!" Kemilembe alishika mdomo. "Na Kapteni Burhani anajua?"

"Akijua kesho nashuka. Mshika usukani asiyeona pembeni atapewa kazi gani? Nitakuja hapa kukata majani ya migomba?"

"Na mtumbwi ukikutokea huko pembeni?"

"Josia yupo," alisema Byabato. "Josia ananionea pembeni."

*

Kwa macho yake mwenyewe Kemilembe alimwona Josia akiwa macho ya mumewe. Dada yake, Klaudia, aliyeolewa kisiwani Bumbire, alikuwa amejifungua, na Kemilembe akapanda MV Kashenye na mikungu ya ndizi, kahawa ya kutafuna, na wasiwasi ambao hakumwonyesha mtu.

Kwa miaka yote aliyoolewa na baharia, alikuwa ameijua meli kama abiria tu. Siku hiyo aliitazama kama mtu aliyetumwa kuipeleleza. Aliwatazama mabaharia wakipanga shehena tumboni mwa meli: saruji chini, kreti za soda juu yake, magodoro juu kabisa, mbuzi wamefungwa kando. Serahangi, msimamizi wao, aliwafokea kila walipoacha upande mmoja uzidi mwingine. Wengine walikagua vizimamoto na maboya. Mmoja alikuwa amelala kifudifudi akipaka grisi mashine ya kuvutia nanga. Wakati wa kuondoka, Josia alikwenda mbele kabisa ya meli, akapokea kamba iliyofunguliwa gatini, akaizungusha chini duara juu ya duara mpaka ikakaa kama nyoka aliyeshiba. Josia alikuwa kijana wa Ijuganyondo, mwembamba, mwenye utani mwingi. Kila mtu alikuwa na pahali pake, na kila mmoja aliweka maisha yake mikononi mwa mwenzake bila kulitaja jambo hilo. Kemilembe aliliona, na badala ya kumtuliza likamtisha.

Walipotoka nje ya bandari na Kisiwa cha Musira kikabaki nyuma, alipanda ngazi na birika la chai mpaka kwenye chumba cha usukani. Kapteni Burhani alikuwa ameteremka chini kuzungumza na watu wa injini, kama alivyozoea wakiwa maji mapana. Alimwamini Byabato. Huwaambia mabaharia wapya kwamba mkono wa Byabato kwenye usukani ni mkono wa mama anayebembeleza mtoto.

Byabato alikuwa amesimama wima, mikono yote miwili juu ya usukani, akiangalia mbele tu. Josia alisimama bega kwa bega naye, darubini shingoni, akisema kwa sauti ya chini isiyokatika, kama anayesali rozari.

"Mtumbwi, kushoto, unakwenda na sisi. Mwingine nyuma yake. Kulia hakuna. Nyavu, kushoto mbele, boya jeupe. Ongeza kulia kidogo, mzee. Hapo. Hapo hapo."

Mtumbwi ule wa kwanza ulipita karibu kiasi cha Kemilembe kuuona uso wa mwanamke aliyeketi kati ya magunia ya dagaa, akiwa na kitambaa cha njano kichwani. Mwanamke aliwapungia mkono. Byabato hakumpungia. Kwake yeye mwanamke huyo hakuwahi kuwepo.

Kemilembe aliweka birika sakafuni. Josia aligeuka, akamwona, akajua kwamba amejua.

"Shemeji," alisema, akitabasamu kama aliyekamatwa mkono ukiwa sufuriani. "Usiogope. Sisi mabaharia hatutupani."

"Na siku wewe usipokuwepo?"

"Nitakuwa wapi?" Josia akacheka. "Mimi sina mke wa kunizuia."

*

Haukupita mwezi. Meli ilikuwa ikifunga gati Goziba, upepo unaisukuma, Josia yuko mbele na kamba, na kamba ikakazwa ghafla mkono wake ukiwa kati yake na chuma. Ilimkata vidole. Walimfunga kwa khanga ya abiria mpaka Bukoba, na kutoka pale bandarini akapelekwa hospitali. Byabato alirudi nyumbani siku hiyo na damu ya mwenzake kwenye shati, akaketi sebuleni bila kuvua viatu.

Kemilembe alilia kwa ajili ya Josia. Lakini hata machozi hayajakauka, swali lilikuwa limekwisha kumfika mdomoni.

"Safari ya Jumatatu, nani atasimama nawe?"

"Wameleta baharia mwingine. Yasmin. Ametoka chuoni Dar."

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Binti hata jina langu hajalishika."

"Basi usiende. Sema unaumwa."

"Nikisema naumwa nitapelekwa kwa daktari wa kampuni." Byabato aliinua sauti. "Na cheti changu cha afya kinakwisha mwaka huu. Niache nimalize mwaka, Mama Judica. Mwaka tu. Judica amalize kidato cha nne, tupandishe ukuta wa nyumba, halafu nitashuka mwenyewe kwa heshima yangu."

"Na wale watu?"

"Watu gani?"

"Wanaopanda! Wale wa kwenye mitumbwi! Yule mama wa dagaa alikupungia mkono na hukumwona!"

Pazia la chumba cha ndani likafunguka. Ma Hellen alitoka akiegemea mkongojo, uso umekaza. Alikuwa amesikia yote, na pengine alikuwa akisikia tangu siku ya migomba.

"Kemilembe," alisema. "Baba yake Byabato alivua samaki mpaka uzeeni, na mwishoni alikuwa anapapasa nyavu kwa vidole. Hakuna mke aliyemtoa ziwani."

"Mae," Kemilembe alimwita mama kwa Kihaya, "baba alikuwa peke yake kwenye mtumbwi. Huyu amebeba kijiji kizima."

"Mungu ndiye anayewabeba," alisema bibi. "Wewe kazi yako ni kumpikia mumeo aende kazini na nguvu. Mdomo wako ukifika bandarini, jua umemwaga unga wa nyumba hii. Na mimi sitakaa nile majivu."

Byabato alivua viatu vyake, akaviweka karibu na mlango, akavipapasa ili kuhakikisha vimekaa sawa. Kemilembe aliiona ile mikono ikipapasa, akageuza uso.

*

Jumatatu aliondoka nyumbani pamoja naye. Alisema atambebea begi. Byabato hakuuliza kitu. Labda alidhani ni njia ya mkewe ya kuomba msamaha.

Bandari ilikuwa imejaa. Walimu walikuwa wakirudi visiwani baada ya likizo, wamebeba mabunda ya vitabu na ndoo mpya. Sumaiya, jirani yao anayefanya biashara ya samaki Goziba, alikuwa na watoto wake watatu, mdogo mgongoni, akigombana na kuli juu ya friji kuukuu. "Mama Judica!" alipaza sauti. "Leo twende wote!" Kemilembe alitabasamu, na tabasamu likamuuma mashavu. Mtoto wa mgongoni alikuwa amelala, shavu limebonyezwa kwenye bega la mama yake, mate yanamtoka.

Byabato alipanda kukagua usukani. Kemilembe akasimama chini karibu na kibanda cha tiketi, begi la mumewe mkononi. Alijiambia ataondoka. Alijiambia hilo zaidi ya mara moja, na miguu haikutii.

"Nataka kumwona kapteni," alimwambia karani.

Karani alimtazama toka kandambili mpaka kilemba. "Mama, mambo ya advansi ya mshahara hayapitii kwa kapteni. Mume wako aje mwenyewe ofisini."

"Sikuja kwa mshahara."

"Wake wa mabaharia wote wanasema hivyo." Watu wawili kwenye foleni wakacheka. "Sogea, mama, unawazibia wateja."

Alisogea. Jasho lilimtoka chini ya kilemba. Alipiga moyo konde, akapita ubavuni mwa kibanda, akapanda ubao wa kuingilia melini kana kwamba ana tiketi, akapanda na ngazi ya juu bila kushika chuma. Kapteni Burhani, mtu mzima wa mtaa wa Bakoba mwenye ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri, alikuwa katika chumba chake kidogo nyuma ya usukani, akisikiliza taarifa ya hali ya hewa kwenye redio.

"Shemeji," alisema akishangaa. "Kuna msiba?"

"Hapana, kapteni." Alikuwa ameandaa maneno mengi tangu alfajiri, na yote yakamkimbia. "Mume wangu haoni pembeni. Josia alikuwa anamwonea. Leo Josia hayupo."

Kapteni alizima redio.

"Shemeji, mmegombana nyumbani?"

Swali hilo lilimchoma kuliko kicheko cha foleni. "Tumegombana, ndiyo," alisema. "Lakini haoni."

"Nimefanya kazi na mtu huyu tangu ana nywele nyeusi. Hajawahi kunigusisha meli hata kwenye tope." Alisimama, akatazama nje kupitia kidirisha, abiria wanavyopanda mmoja mmoja na mizigo kichwani. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Simama hapo, karibu na kabati. Usiseme kitu."

Akafungua mlango, akamwita Byabato.

Byabato aliingia amevua kofia, akasimama katikati ya chumba. Kemilembe alikuwa upande wake wa kushoto, karibu kiasi cha kuweza kumwekea sawa kola ya shati. Aliuona ule uzi wa bluu aliomshonea begani wiki iliyopita kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha. Alibana pumzi.

"Upepo unasemaje leo?" kapteni aliuliza.

"Wa kusini, kapteni. Mchana utachafuka kidogo. Tukipita Kerebe mapema tutakuwa salama."

"Josia anaendeleaje?"

"Nilimwona jana. Anajitahidi. Anauliza nani amechukua kitanda chake." Byabato akatabasamu.

"Na huyu binti mpya?"

"Mwepesi. Kamba anaijua."

Kapteni alimtazama usoni. "Byabato. Humu ndani tuko wangapi?"

Byabato alicheka kidogo, kama mtu aliyetaniwa na mkubwa wake. "Wawili, kapteni. Mimi na wewe."

Kapteni Burhani alivua kofia yake, akaiweka mezani. Akaketi. Hakusema chochote, na ni ukimya wake ndio uliomfanya Byabato aanze kugeuza shingo, polepole, kuelekea kushoto, mpaka uso wa mkewe ukaingia mahali alipoweza kuuona. Machozi yalikuwa yakimtiririka Kemilembe hadi kidevuni, na hakuyafuta.

Walitazamana. Byabato akasema, si kwa mkewe, "Samahani, kapteni," akachukua begi lake mkononi mwa mkewe, akatoka.

Yasmin alikuwa nje ya mlango na darubini mkononi. "Kapteni, nani anashika usukani?"

"Mimi," alisema kapteni. "Njoo usimame hapa."

Kwenye ubao wa kushukia, Byabato na Kemilembe walipishana na abiria wa mwisho. Sumaiya aliwaona. "Shemeji, mbona unashuka? Leo hutupeleki?"

"Nimepewa mapumziko," Byabato alisema, akitazama mbele.

"Haya, upumzike waitu, ndugu yetu, unastahili!" Na honi ikalia.

Walirudi kwa miguu. Byabato alitangulia, hakutaka kushikwa. Kemilembe alimfuata nyuma kwa hatua chache, na kila alipoona hatari inakuja ubavuni alisema neno moja tu: "Pikipiki." "Toroli." "Mtaro." Byabato alikwepa kila mara, na hakuitikia hata mara moja.

*

MV Kashenye ilifika Goziba salama, ikarudi salama. Safari iliyofuata vivyo hivyo. Sumaiya alipopita kuwasalimu hakukusudia ubaya aliposema, "Mbona tumesafiri vizuri tu? Watu wanasema ati meli ingezama," lakini Kemilembe alihisi kama amechapwa kofi. Hakuna kilichotokea. Hakungekuwa na siku ambapo mtu angekuja kumwambia, ulifanya vema, tazama. Kulikuwa na mume aliyeketi kwenye ngazi ya nyuma kuanzia asubuhi, asiyeongea, na uji unaopoa pembeni yake asikouona.

Ma Hellen alifunga khanga zake kwenye fuko, akaenda kwa binti yake Kamachumu. Mlangoni alisema, "Umemkata mwanangu mikono na kumwachia tumbo." Kemilembe alimbebea fuko mpaka stendi, akamlipia nauli, akamsaidia kupanda. Bibi hakumuaga. Sokoni nako, wake wa mabaharia walianza kupunguza sauti alipokaribia genge lake la mboga. Mmoja alisema wazi, akichambua nyanya, "Wengine hata mume wakikosana naye wanamshitaki kwa bosi." Kemilembe alimpimia nyanya zake na kumwongezea moja juu.

Alianza kuota ndoto moja tu, ya kwamba amekosea. Kwamba Byabato alikuwa ameona, alikuwa anatania tu.

Alasiri moja Josia alikuja. Mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji nene, na utani wote ulikuwa umemtoka. Alikataa kiti. Alisimama uani, na Kemilembe aliyekuwa akimenya ndizi akasimama pia, kisu mkononi.

"Shemeji, ungeniuliza mimi kwanza," Josia alisema. "Ningerudi. Ningesimama naye hata kwa mkono mmoja. Tulikuwa tumeiweza."

"Ningekuuliza nini, Josia? Kama utakuwepo siku zote?"

"Tulikuwa tumeiweza!" alirudia kwa hasira, kisha akatazama bandeji yake, na hasira ikamwishia pale pale. Alipoongea tena alikuwa akiongea na ardhi. "Siku ile Goziba. Kulikuwa na mtumbwi unatoka kushoto. Nilikuwa na kamba mkononi, nikamgeukia mzee nimwonyeshe. Nilimtazama yeye. Sikuitazama kamba."

Kisu kilianguka kwenye beseni la maganda. Hakuna aliyeona kwamba mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Byabato alikuwa amesimama pale, mkono kwenye fremu.

"Hukuniambia," alisema.

Josia alishtuka. "Mzee, ingesaidia nini?"

Byabato alishuka ngazi, akavuka ua, akaenda moja kwa moja mbele ya Josia. Alichukua ule mkono wenye bandeji, akaushika katikati ya mikono yake mipana kana kwamba anapima uzito wake. Alikaa nao hivyo. Mabega yakaanza kumtikisika. Josia, kijana ambaye hakuwa na mke wa kumzuia, aliegemeza paji la uso kwenye bega la mzee wake, na wote wawili wakalia kama wanaume wanavyolia, kwa kukohoa kohoa.

Kemilembe aliingia jikoni, akawaacha. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza tangu bandarini, Byabato aliongea naye mezani. Alisema, "Hizi ndizi zimeiva vizuri." Kisha, baada ya matonge kadhaa, "Kesho unisindikize hospitali. Ile dawa ya matone imekwisha, nami nilikuwa naogopa kwenda kuomba nyingine."

Daktari alisema walichokwisha kusikia: kilichopotea kimepotea, kilichobaki kitalindwa na dawa, mradi asiache. Alipoulizwa kazi yake, Byabato alimtazama mkewe kwanza. "Baharia," alisema. "Nilikuwa mshika usukani."

*

Mtoto wa Klaudia alipangiwa ubatizo mwanzoni mwa msimu wa senene, na Kemilembe alikuwa mama wa ubatizo. Alijaribu kutafuta udhuru. Hakuwa amekanyaga bandarini tangu siku ile, na hakuwa na hamu ya kupita mbele ya karani yule wala mabaharia waliokuwa wakila kwake sikukuu za Krismasi. Zaidi ya hayo hakutaka kumwacha mumewe peke yake.

"Utakwenda," alisema Byabato. "Nitakupeleka."

Mabaharia waliwaona wakija. Wengine walijifanya kukaza kamba. Serahangi alimsalimu Byabato kwa heshima na kumpita Kemilembe. Hata hivyo Kapteni Burhani aliteremka mwenyewe mpaka gatini, akampa mkono kila mmoja, Kemilembe kwanza.

"Nina vijana wawili wapya," alimwambia Byabato, "hawajui kuunga kamba. Wanafunga mafundo kama ya mbuzi. Ukipata nafasi, njoo ukae hapa gatini uwafundishe. Kampuni haijanipa nafasi ya kuajiri, sitakudanganya. Nitaendelea kuuliza."

"Nitafikiria," alisema Byabato. Kemilembe alijua kwamba haikuwa ndiyo. Lakini haikuwa hapana.

Alipanda. Wakati wa kuondoka ukafika, na mfunguaji wa kamba wa bandari hakuonekana. Mtu alisema amekwenda kunywa chai. Yasmin alisimama mbele ya meli akipiga kelele aitwe. Byabato alikuwa amesimama karibu na lile gingi la chuma ambalo kamba ilizungushiwa. Aliinama, akaipapasa, akausubiri ule mpumuo mdogo ambapo meli hurudi nyuma na kamba hulegea, kisha akaiinua ile duara nzito na kuitupa majini kwa mkupuo mmoja.

"Vuta!" aliita. "Vuta haraka, binti, isiingie kwenye pangaboi! Ikunje kulia, si kushoto!"

"Sawa, mzee!" Yasmin alijibu, akivuta.

Meli ilianza kuachana na gati. Byabato alijifuta mikono kwenye suruali, akatembea mpaka ukingoni. "Mama Judica!" aliita. "Ukifika Bumbire upige simu! Usisahau, upepo ni wa kusini!"

Kemilembe alikuwa upande wa mbele, kwenye chuma cha kuegemea, kati ya kreti na abiria. Alimpungia mkono. Byabato alikuwa ameinua uso, akitazama moja kwa moja mbele yake, na meli ilikuwa ikigeuka. Kemilembe aliona kwamba kila ilivyogeuka ndivyo alivyokuwa akitoka mahali anapoweza kuonekana. Mumewe alikuwa akitafuta. Wasiwasi ulikuwa umemkunja uso, ule ule aliokuwa nao Kemilembe miaka yote akibaki nchi kavu.

Akaanza kutembea. Alishika chuma kwa mkono mmoja, akaruka magunia, akaomba radhi kwa mwalimu mmoja mwenye ndoo, akapita nyuma ya friji na mbuzi, akielekea nyuma ya meli kadiri meli ilivyozunguka, bila kuondoa macho kwa mtu yule wa gatini, mpaka akafika mwisho kabisa, penye bendera, mbele ya macho yake.

Byabato akainua mkono.